Wa Mwisho Kwenye Foleni ya Joka

Kadi nyekundu haikufika juu. Mambo yote yalianzia hapo, kwa kitu kidogo ambacho mtu mwenye shughuli zake asingekitia maanani: kadi ya plastiki, upana wa kiganja, ilitoka mkononi mwa Bi Foleni mchana mmoja wa manyunyu na haikufika ilikotumwa.

Inafaa kueleza kazi ya kadi hiyo, maana wengi hupanga foleni maisha yao yote wasijue kwamba wanapangwa. Bustani ile ya burudani ilikuwa na bembea za watoto, vigari vya kugongana na gurudumu kubwa la kutazamia mji, lakini watu walikuja kwa ajili ya Joka. Joka lilikuwa treni fupi juu ya reli iliyopanda kuliko mapaa yote ya jirani, ikajipinda, kisha ikaporomoka, na waliolipanda walishuka hawana sauti na wengine hawana viatu. Kila mtu alilitaka, na kwa safari moja lilibeba watu wachache tu. Hao wengine waliobaki chini ndio waliompa Bi Foleni riziki yake.

Alikuwa msimamizi wa foleni, na jina hilo wenzake walimpa kwa utani likamganda. Vile vyuma vya kuzungushia watu, vinavyokwenda huku vikarudi kule mstari baada ya mstari, alivipanga yeye. Mtu anayesogea hujiona anaendelea hata kama haendi popote, lakini mtu aliyesimama tuli hutazama saa, na akishatazama saa ameanza kununa. Yeye pia ndiye aliyeagiza ubao wa dakika pale langoni useme uongo kidogo. Kama kungoja ni nusu saa, ubao uliandika dakika arobaini, ili mtu afike mapema kuliko alivyoahidiwa na ajione ana bahati. Watu wazima na akili zao walidanganywa na ubao, wakashukuru.

Sasa ubao ulijuaje dakika? Kwa kadi. Mara kadhaa kwa siku Bi Foleni aligusisha kadi nyekundu kwenye mashine ya chini, saa ikaanza kuhesabu, kisha akampa mtu wa mwisho kabisa kwenye foleni. "Samahani, naomba unishikie hii, ukifika juu mkabidhi yule kaka." Juu, kaka huyo aliigusisha kwenye mashine yake na saa ikasimama. Wageni waliipenda kazi hiyo. Wengine waliishika kadi kama wamekabidhiwa funguo za benki.

Mchana ule wa manyunyu watu walikuwa wachache na vyuma vilikuwa vitupu sehemu kubwa. Bi Foleni aligusisha kadi, akasema maneno yake, akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukaipokea. Ulikuwa mkavu, katika mvua ile, na ulitoa baridi kama sakafu ya saruji alfajiri. Pua yake ilinasa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Hakuinua macho.

Hakuinua kwa sababu siku hizo alikuwa hatazami watu usoni. Mumewe alifariki mwaka mmoja nyuma, au karibu hapo, kwenye benchi la korido ya hospitali, wakingoja jina lao liitwe. Bi Foleni alimzika, akapokea pole, na kabla nguo za msiba hazijakauka kambani alikuwa amerudi kazini. Watu walisema ni jasiri. Ujasiri ulikuwa haupo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, naye alikuwa ameacha kuukanyagia. Hakuwa amelia hata siku moja.

Simu ya upepo ikakoroma kiunoni. Alikuwa Kibonge, kijana mnene mwenye vichekesho aliyekuwa akipandisha watu vitini kule juu.

"Bi Foleni, kadi yako imelala njiani? Ubao umeshapita saa nzima."

"Si nimempa mtu."

"Mtu gani? Wa mwisho aliyefika hapa ni mzee mmoja mwenye kofia, na anasema hajapewa chochote."

"Nilimpa aliyekuwa nyuma yake."

"Dada, nyuma ya mzee hapakuwa na mtu. Niko juu huku, nawaona wote."

Bi Foleni alishuka kwenye vyuma akatafuta sakafuni, akapapasa chini ya mabenchi. Hakuona kitu. Meneja, mwanamume wa suti aliyependa kuitwa bosi, aliizima mashine akaiwasha upya, lakini ubao ukaendelea kuhesabu palepale ulipoachia. Kadi ilikuwa bado iko kwenye foleni, mashine ilisema. Ilikuwa bado inangoja.

Wageni walipoona dakika zimepanda hivyo hawakukimbia. Binadamu akiona foleni ndefu huamini mwisho wake pana kitu cha maana, na wiki hiyo Joka lilipata watu kuliko wakati wowote. Meneja alisugua viganja. Bi Foleni alivirefusha vyuma, akaongeza mizunguko, na ilikuwa pale, akiwa amesimama langoni, ndipo alipoona wanachofanya wa mwisho.

Kila aliyeingia mkiani mwa foleni alikaa kidogo, akageuka nyuma, akaona hakuna mtu, kisha akasogea mbele nusu hatua, kwa adabu, kama anayempisha mwenzake apate pa kusimama. Akija mwingine nyuma yake, huyo wa kwanza alisahau, na huyu mpya akageuka, akatazama, akasogea. Watoto walifanya hivyo na wazee pia. Hata msichana mmoja aliyekuwa anazungumza na simu yake hakuacha kuzungumza, ila alisogea.

Kisha foleni ikaanza kunyamaza. Foleni ya Joka ilikuwa na kelele zake siku zote, za watoto wanaolilia aiskrimu, wavulana wanaotishana, wapenzi wanaojifanya hawaogopi. Kelele hizo zilipungua kuanzia nyuma kwenda mbele, mstari mmoja wa vyuma baada ya mwingine, hadi ikawa unasikia soli za viatu tu zikisogea kwa pamoja. Na Joka lenyewe likawa linapanda na kuporomoka bila mtu kupiga ukelele, likapita juu ya vichwa vyao kama treni iliyobeba mizigo tu.

"Njoo uone," Kibonge alimwambia, na safari hii hakutia kichekesho.

Alipanda jukwaani. Kijana na mchumba wake walikuwa wamefika mbele kabisa, zamu yao, viti viko wazi. Walivitazama.

"Karibuni, kaeni," Kibonge akasema.

"Tulikuwa tunangojea nini?" yule mchumba aliuliza, taratibu, bila kumuuliza mtu hasa.

"Sijui," kijana akajibu. "Twende."

Wakashuka ngazi za kutokea, wakazunguka, wakaingia tena mwisho wa foleni. Kibonge aliwafuata kwa macho. Chakula chake cha mchana kilikuwa kwenye kopo pembeni, hakijaguswa, yeye ambaye wenzake walikuwa wakificha vyakula vyao akipita.

"Huli?" Bi Foleni akamuuliza.

"Sina hamu," Kibonge alisema. "Si ya chakula tu. Mke wangu jana kaniambia ni mjamzito. Nikamwambia sawa."

Bi Foleni alielewa kwamba hilo ni jambo la kutisha. Alilielewa kama unavyoelewa hesabu iliyoandikwa ubaoni. Ndani yake hakuna kilichotikisika, akarudi langoni.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minane, ambaye baba yake alimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kukaa vizuri na tangu hapo hajapumzika. Chiriku alikuwa na neno moja tu mwaka huo, nalo ni Joka. Langoni pale pana ubao wa kimo, na asiyeufikia hapandi, hata awe mtoto wa nani. Chiriku alikuwa amepungukiwa na kimo cha kidole. Kila asubuhi alisimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, kisigino ukutani, akamlazimisha mama yake ampime kwa penseli, na kila asubuhi aliomba kusimama kwa vidole vya miguu kusihesabiwe kama udanganyifu. Sasa alikuwa amefika. Meneja alikuwa ameahidi kwamba Jumamosi atampandisha kiti cha mbele kabisa, na mtoto alikuwa ameshawatangazia jirani, mwalimu, muuza mkaa na paka.

Katika nyumba ile, hamu ya mtoto ndiyo iliyokuwa taa. Bi Foleni mwenyewe hakuwa na yake, lakini alikuwa anajipasha moto kwenye ya mwanawe, na alijua hivyo.

Jioni ile aliingia, akavua viatu, na Chiriku akaja mbio koridoni kumpokea mkoba. Akasimama ghafla. Alikuwa anaangalia nyuma ya kiuno cha mama yake.

"Mama, mgeni wako mbona hapiti?"

"Mgeni gani?"

"Huyo." Mtoto alisogea nusu hatua pembeni, kwa adabu. "Anasema anangoja zamu."

Bi Foleni hakugeuka. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilikuwa imejaa korido. Alimshika mtoto mkono akampeleka jikoni, na nyuma yao, pale alipokuwa amesimama, wakasikia mguu mmoja ukisogea mbele na kutulia.

Tangu jioni hiyo nyumba ilikuwa na foleni. Alipokwenda kuoga akakuta mtoto yumo bafuni, akasimama nje na taulo begani kumngoja, alijua bila kuambiwa kwamba nyuma yake kuna mwingine anayengoja vilevile, aliyesimama karibu kiasi kwamba baridi yake ilimpita kisogoni, asiyepumua, asiyekohoa, asiyeharakisha, na mlango ulipofunguka na mtoto akatoka na yeye akaingia na kufunga komeo, alisikia upande wa pili wa mbao ile miguu ikisogea hatua moja, ikachukua mahali pake, ikatulia, na alipomaliza kuoga akabaki ameshika komeo muda mrefu kwa sababu hakujua ukifungua mlango kwa aliye wa pili unampa nini.

Asubuhi iliyofuata Chiriku hakuja na penseli. Kesho yake mama alimwita mwenyewe.

"Njoo nikupime."

"Si tayari nimefika," mtoto akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, akiutazama mwimo wa mlango kama kitu cha nyumba nyingine. "Mama, huko juu kuna nini?"

"Unaona mji wote. Si wewe uliyeniambia?"

"Aa," mtoto akasema.

Siku hiyo Bi Foleni aliomba ruhusa kazini. Kilichompeleka hakikuwa hofu, maana aliitafuta hofu akapata kitu kidogo tu kama mbegu kwenye jino. Akili ndiyo iliyomwambia kwamba mwanawe anachukuliwa kidogo kidogo akiwa amekaa kitini, na kwamba yeye hana kingine chochote duniani. Miguu ikaitii akili. Akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na sebule yake haikukosa mtu aliyeletwa na ndugu zake akiwa amepagawa. Bi Foleni alimsimulia yote tangu kadi.

"Shikamoo nimekuitikia, lakini usikae hapo," shangazi akasema alipomaliza, akimwonyesha kiti kilichoegemea ukuta. "Kaa hapa. Usimpe nafasi nyuma yako."

Akakaa, mgongo ukagusa ukuta.

"Majini wengine wanataka damu, wengine wanataka manukato. Huyu anakula hamu. Na wapi pana hamu kama kwenye hiyo foleni yako? Umemkaribisha mlangoni mwa jiko, mwanangu, ukampa na kadi."

"Sikumwona."

"Ndiyo makosa yenyewe. Ulisema 'nishikie', akashika. Ulimpa nafasi ya wa mwisho, basi ndiye wa mwisho. Akija mtu, yeye yuko nyuma yake. Atafika lini?"

"Mbona mimi hanifanyi kitu?"

Shangazi akashusha sauti. "Wewe alianza nawe zamani. Alikuwepo kwenye lile benchi. Tangu siku ile anakula kwako, ila hakuwa na ruhusa ya kugusa wengine mpaka ulipompa."

Bi Foleni aliitikia kwa kichwa.

"Anatolewa kwa kupewa zamu yake," shangazi akaendelea. "Mwenye foleni ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye utakayemfikisha mbele. Lakini nisikilize. Akiondoka, alichokula kinarudi kwa mwenyewe, chote. Chako ni kingi na kimelala muda mrefu. Kikikuzidi nipigie simu nije nikae na wewe, usikae peke yako. Na akija kusimama nje, asikaribishwe hata kwa jicho. Huyu havunji mlango. Anangoja tu."

Meneja, ambaye zamani angewacheka mpaka wajute, aliwasikiliza Ijumaa asubuhi huku suti yake imefungwa vifungo vibaya. "Fanyeni," akasema. "Kama mnataka."

Kabla ya lango la bustani kufunguliwa, Bi Foleni alisimama peke yake mwanzoni mwa vyuma. Shangazi alikuwa ameshanyunyiza maji yake na kusoma maneno yake, akakaa langoni asiingie mtu. Kibonge alikuwa jukwaani, treni tupu mbele yake, na maagizo aliyopewa ameyashika: aombe kadi, aipokee kwa kitambaa, aonyeshe kiti, afunge chuma cha kifuani.

"Tembea mpaka mbele," shangazi alikuwa amemwambia Bi Foleni. "Atakufuata. Ukifika, toka kwenye foleni kwa kile kimlango chenu cha wafanyakazi, abaki yeye wa kwanza. Usigeuke nyuma. Na kwenye kona usitazame."

Kona ndizo zilizokuwa shida, na hakuna aliyezijua kuliko yeye aliyezichora. Ubaya wa vyuma vinavyokwenda na kurudi ni kwamba aliye nyuma yako hakai nyuma yako. Ukigeuka kona, unarudi upande ulikotoka, naye bado anakuja, na mnapishana uso kwa uso, katikati yenu pana bomba moja la chuma tu. Wageni hutabasamiana hapo. Wachumba wengine walijuana hapo.

Alifumba macho, akaweka mikono kwenye mabomba, akaanza.

Mstari wa kwanza alisikia soli zake peke yake. Alipokata kona ya kwanza na kuanza kurudi, soli nyingine zilianza upande wa pili wa bomba, zikija kinyume, taratibu, zikamkaribia, na harufu ya majivu ikamjaa mdomoni hata akaonja, na kitu kikapita ubavuni mwake karibu sana, baridi yake ikimlamba shavu la kushoto kutoka sikioni mpaka kidevuni, kikaenda, kikafika kona, kikageuka, kikawa tena nyuma yake. Kona ya pili ilikuwa shavu la kulia. Kona ya tatu kilisimama. Yeye naye akasimama, mikono imeganda kwenye chuma chenye umande, kope zake zimebanwa mpaka zinauma, na ng'ambo ya bomba, mahali pa uso wa mtu mwenye kimo cha mumewe, sauti ya mumewe ikasema kwa upole, kwa pumzi ile fupi ya siku ile, "Mama Chiriku, waambie nimezidiwa. Nenda mbele ukawaambie," na yeye alijua kila neno litakalofuata, kwa sababu yote yalikuwa yamesemwa kweli, kwenye benchi, chini ya taa nyeupe, na jibu lake pia lilikuwa limesemwa kweli, jibu la mwanamke ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuwazuia watu wasipite wenzao: "Vumilia baba, hawa wote wanaumwa, tungoje zamu yetu."

Hakujibu. Hakuhisi kitu. Ganzi ile ile ya jini ndiyo iliyomvusha. Mwanamke mwenye moyo mzima angegeuka. Akaendelea kutembea, kona baada ya kona, na sauti ikamfuata ikisema waambie, waambie, mpaka mkono wake ukagusa kimlango cha wafanyakazi, akatoka, akakifunga.

"Karibu," Kibonge alisema, meno yakigongana. "Kadi yako, tafadhali."

Kitambaa mikononi mwake kilibonyea. Alipokikunjua kulikuwa na kadi nyekundu, imelowa majivu. Akaonyesha kiti cha mbele. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapokaa. Akateremsha chuma cha kifuani, na chuma hakikushuka mpaka chini. Kiliishia hewani, kikajifunga juu ya kifua ambacho hakikuwepo. Akabonyeza kitufe. Joka likapanda.

Kule juu kabisa, kabla ya kuporomoka, walisikia ukelele. Ulikuwa ukelele wa watu wengi, watoto kwa wakubwa, wa wiki nzima, umetoka kwenye kinywa kimoja. Treni iliporudi jukwaani chuma cha mbele kilikuwa kimeshuka mpaka chini, kitini hamna kitu, na hewa ilinuka mvua tu.

Kibonge alikaa sakafuni akaanza kulia na kucheka. "Nitakuwa baba," alisema. "Jamani, nitakuwa baba! Nani ana chakula?"

Saa za mchana bustani ilirudi kuwa bustani. Watoto walilia, wavulana walitishana, na meneja alionekana akimfokea mtu kwa furaha. Shangazi alimkumbusha maneno yake, akapanda basi kurudi kwake kulikokuwa na wagonjwa wengine. Na Bi Foleni alipofika nyumbani alikuta Chiriku juu ya kiti, amevaa nguo za kesho, akipiga mayowe kwamba lazima apimwe sasa hivi, inawezekana amepungua.

Alimpima. Hakuwa amepungua. Walicheka wote wawili mpaka mama akashika mbavu, na katikati ya kicheko hicho, bila kujua mpaka uko wapi, akawa analia.

Mwanzoni alidhani ni furaha. Kisha akaona viatu vya mumewe chini ya kabati, mahali vilipokuwa mwaka mzima akivifagilia pembeni. Alimwambia mtoto akalale mapema ili kesho ifike upesi, na Chiriku, kwa hamu ya kesho, akatii. Jua lilikuwa halijamaliza kuzama. Bi Foleni akakaa sakafuni sebuleni, khanga mdomoni asisikike, na mwaka mzima ukamrudia kwa mara moja. Ilirudi pumzi ile fupi. Ulirudi mkono wa mumewe, joto lake, ulivyomshika khanga akimsihi. Hawakuwa mbali na mlango wa daktari. Zilikuwa hatua za kuhesabika, na watu wale kwenye mabenchi wangempisha, alijua wangempisha, kila mtu huwapisha wagonjwa waliozidiwa. Yeye ndiye aliyekataa kuomba.

Alisema jina la mumewe kwa sauti. Iliuma kiasi kwamba alishika jamvi kwa meno.

Simu ilikuwa mezani. Aliinuka kwenda kuichukua ampigie shangazi, na akiwa amesimama hapo katikati ya chumba, akasikia nje ya mlango mguu mmoja ukisogea na kutulia.

Hakubisha hodi. Alingoja tu, kama alivyosema shangazi, na baridi yake ikapita chini ya mlango ikamfikia miguuni. Popote ilipogusa, maumivu yalinyamaza. Vifundo vya miguu vikawa vyepesi. Bi Foleni alitazama simu, akatazama mlango wa chumba cha mtoto, uliofungwa vizuri. Akajiambia kwamba itakuwa usiku mmoja tu. Akajiambia kwamba atampa cha kwake peke yake, kipo kingi, kinamtosha jini yeyote, na alfajiri atamtoa. Alikuwa amewapanga watu maisha yake yote. Hatashindwa kumpanga mmoja.

Akafungua. Akasogea nusu hatua pembeni, kwa adabu, ampishe.

Alilala kama gogo. Jumamosi aliamka kumekucha, macho makavu, kichwa chepesi, akavipita viatu vilivyokuwa chini ya kabati bila kuvitazama. Akachemsha chai. Akamwita mtoto, hakuitikiwa, akaenda chumbani.

Chiriku alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na nguo zake za safari, mikono mapajani.

"Amka twende, leo ndiyo siku."

"Siku ya nini?"

"Ya Joka. Kiti cha mbele."

"Aa," mtoto akasema. Alifikiri kidogo, kwa heshima, kama mtoto anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. "Hata tusipokwenda ni sawa, mama."

Bi Foleni alijua kwamba hapo ndipo mama anapopiga ukelele. Alijua angepaswa kumbeba mtoto na kukimbia naye pekupeku hadi kwa shangazi, bila kufunga mlango. Alilijua hilo vizuri kabisa. Alisimama pale akaungoja ukelele uje, akaungoja kwa uvumilivu, kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda mezani. Akammiminia chai, akajimiminia na yeye. Ilikuwa ya moto sana, na wote wawili waliinywa bila kupuliza.